Mkono Uliotangulia

Panya aliyefungwa kwenye kamba iliyoshikwa na watu wawili alisimama katikati, akanusa hewa, akarudi nyuma kidogo, halafu akaanza kukwaruza udongo kwa miguu ya mbele, harakaharaka, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka.

"Hapa!" Mwanvita akapaza sauti.

Upande wa pili wa uwanja Thobias naye akanyoosha mkono. "Hapa!"

Nje ya utepe mwekundu alisimama Bwana Dominiko, mkuu wa uwanja. Pale uwanjani yeye peke yake ndiye aliyejua mabomu yamefukiwa wapi. Yalikuwa mabomu yaliyokufa, yametolewa viini, lakini harufu yake ni ileile ya yale yanayokata watu miguu huko Angola. Walioshika kamba hawakutakiwa kujua. Kazi ya kujua ilikuwa ya panya.

Bwana Dominiko akakohoa, akavua kofia.

"Ndilo lenyewe. La mwisho hilo. Amefaulu."

Mwanvita akabofya kidude kilichokuwa kiganjani mwake, tik, na Mwali akaja mbio kufuata ndizi yake. Mwali alikuwa panya buku, mkubwa kama paka mchanga, mkia umeishia na weupe utadhani ameuchovya kwenye unga. Masikio yake yaling'aa kwa mafuta ya kuzuia jua ambayo Mwanvita alimpaka kabla hakujakucha, kwa ncha ya kidole, kama anavyopakwa mtoto anayepelekwa kliniki. Mwali alikula huku ameshika kidole cha Mwanvita kwa mikono yake miwili.

"Mama Marudio!" Thobias alikuwa anaruka upande wa pili, na kamba inaruka naye. "Mama Marudio leo kafaulu! Nani atamwita tena hivyo?"

"Wewe ndiye unayeita, mtani, hakuna mwingine."

"Basi naacha. Kuanzia leo wewe ni Mama Angola."

Jesca, mwanafunzi wa chuo aliyekuja pale kituoni kwa mafunzo ya vitendo, alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu juu, anarekodi. "Dada Mwanvita, cheka kidogo! Mbona kama uko msibani?"

Mwanvita akacheka. Kweli alikuwa amefurahi. Panya wawili aliowalea kabla ya Mwali wote walianguka mtihani. Wa kwanza alikuwa mvivu, akiona jua anajikunja. Wa pili alikuwa anakwaruza kila mahali, hata kwenye viatu vya watu. Ndipo jina la Mama Marudio lilipopatikana. Mwanvita alikuwa anacheka likitajwa, anasema kazi ni kazi, panya si mtoto wa kuzaa. Akifika nyumbani kwake Bigwa, anafua khanga ambayo tayari ilikuwa safi.

Sasa Mwali atakwenda Angola. Atakwenda na Thobias, ambaye alishapata pasipoti na kuipiga picha pande zote akamtumia mama yake Tabora. Wiki moja tu ilibaki.

*

Video ya Jesca ilifika Ijumaa ileile, lakini Mwanvita hakuwa na bando. Aliifungua Jumapili, alipounganisha simu yake na ya mwanawe Salehe, huku perege wa bwawa la Mindu wakichemkia mafuta jikoni nje.

Mara ya kwanza alijiangalia sura. Akaona kilemba kimekaa upande, akasonya. Mara ya pili alimwangalia Mwali, jinsi anavyotembea kwenye kamba kwa adabu, kwenda na kurudi, pua chini. Mara ya tatu hakujua anaangalia nini. Kuna kitu tu kilikuwa kinamkera, kama mbegu ya pilipili iliyonasa kwenye jino.

Akairudisha nyuma. Akaiangalia polepole.

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mguu wake, chini ya goti, na mkono wake wa kushoto uliishika isilegee. Ndivyo walivyofundishwa wote. Mkono haufanyi kitu. Mkono unakaa tu kama msumari ukutani. Na mkono wa Thobias, kweli, ulikaa kama msumari.

Wa kwake ulishuka.

Haukushuka sana. Ulishuka kiasi cha mtu anayemshika bega mtoto aliyelala asianguke kitandani. Kamba ikakaza kidogo. Na Mwali, aliyekuwa anakwenda zake, akasimama kana kwamba ameitwa jina. Akarudi nyuma. Akakwaruza.

Mkono ulikuwa umetangulia. Panya alifuata.

Akatafuta bomu jingine kwenye video. Mkono ukashuka, panya akasimama. Akatafuta jingine. Ilikuwa hivyohivyo. Hakuna hata moja ambalo Mwali alilipata kabla ya mkono.

"Samaki wanaungua," mama yake alisema. Bi Chausiku alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anachambua mchicha. "Hata Jumapili unaangalia hao panya wako. Watu wanalea ng'ombe, watu wanalea kuku. Wangu mimi analea panya, tena anampaka mafuta."

Mwanvita akageuza samaki. "Mama, kitu kikifukiwa chini, kikakaa mpaka majani yakaota juu yake, mtu anaweza kukijua?"

"Kwa nini unaniuliza mimi? Wewe ndiye ulikuwa unajua."

"Mimi?"

"Sasa nani? Kule kijijini Kinole. Nilikuwa nakutuma shamba la bondeni ukachimbe magimbi tuliyoyasahau mwaka uliopita. Majani yameshaoza, magugu yamejaa, hakuna alama. Wenzako wanachimba hapa, wanachimba pale, wanarudi na matope. Wewe unakwenda moja kwa moja, unachimba, unatoa. Nakuuliza, umejuaje? Unaanza kulia." Bi Chausiku akacheka, akatikisa mchicha. "Unadhani nakugombeza."

Mwanvita hakukumbuka. Alikumbuka matope tu, na baridi ya mtoni kwenye vidole vya miguu. Lakini aliposikia yale maneno alihisi kama mtu amemfungulia mlango wa chumba kilichomo nyumbani kwake mwenyewe, ambacho hakuwahi kujua kipo, na ndani kuna mtu amekaa anafanya kazi kimya miaka yote.

Kwa hiyo macho yaliona. Labda majani pale juu yalikuwa mafupi kidogo, labda udongo ulikunywa mvua vingine. Macho yakauambia mkono, na mkono ukamwambia panya. Yeye Mwanvita, mwenye jina na kitambulisho cha kura, hakuna aliyemwambia kitu.

Mbona basi kwa wale panya wawili wa kwanza mkono haukusema? Aliligeuza swali hili pamoja na samaki. Jibu lilikuja na halikuwa zuri. Wakati ule alikuwa bado hajaitwa Mama Marudio.

Akapakua chakula. Ugali, mchicha, samaki. Sahani ya mama yake, sahani ya Salehe, sahani ya Yasmin, ya kwake. Yasmin alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na kwa Waluguru mtoto wa dada yako ni wako, hakuna mjadala, hakuna hata neno jingine la kumwita. Mwanvita alimlea tangu anaota meno. Angeapa mbele ya mtu yeyote kwamba hajawahi kumtofautisha na Salehe.

Akaziangalia sahani.

Kwa Salehe kulikuwa na kipande cha katikati, kinene. Kwa Yasmin kulikuwa na mkia.

"Yasmin," alisema polepole, "wewe unapenda mkia?"

Yasmin akainua uso, akashangaa kuulizwa. Ana miaka kumi na mitatu, shingo ndefu kama ya mama yake. "Si ndiyo wangu siku zote, mama."

Alisema bila kinyongo. Hicho ndicho kilichomchoma Mwanvita, alivyosema bila kinyongo. Akataka kubadilisha sahani, lakini Salehe alikuwa ameshaanza kula, na kubadilisha kungekuwa ni kusema. Akachukua kipande chake yeye akakiweka kwenye sahani ya Yasmin. Akala ugali na mchicha.

*

Jumatatu, kabla jua halijatoka vizuri, alimwambia Thobias wafanye zoezi kwenye uwanja wa nyuma, karibu na mikorosho.

"Mwali ameshafaulu, wa nini tena? Mwache apumzike, bibi harusi."

"Anyooshe miguu tu."

Thobias akafunga kamba mguuni. Kwenye zoezi, tofauti na mtihani, mabomu huwa yamewekewa vijiti vya alama pembeni, ili walioshika kamba wajue wakati wa kubofya. Mwanvita akafunga upande wake, halafu akageuka, akaupa uwanja mgongo.

"Unaangalia nini huko?"

"Jua linaniumiza macho. Wewe ndiye utabofya. Tuendelee."

Jua lilikuwa mgongoni kwake sasa, na mbele yake milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa mawingu mpaka kiunoni. Mkono wake wa kushoto ulishika kamba ukakaa. Haukuwa na la kusema, kwa kuwa haukuona kitu. Alimsikia Mwali anapita, kucha zake zinagusa nyasi, anafika mguuni kwake, anageuka, anarudi. Wakasogea hatua moja pembeni. Akapita tena. Hatua. Akapita tena.

"Eh," Thobias akasema.

"Nini?"

"Kapita juu yake. Juu yake kabisa, kijiti hiki hapa."

Wakaenda mbele. Kwenye kijiti kingine Mwali alisimama, akajikuna sikio, akaendelea.

Mwanvita akageuka. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu Bigwa, barabara nzima. Thobias alikuwa anamwangalia Mwali kwa upendo, kichwa amekiinamisha upande.

"Ameshiba huyu," Thobias alisema. "Jana walimpa karanga nyingi, nilimwona mlishaji. Au siyo?"

"Ameshiba," Mwanvita akasema.

Neno lilitoka lenyewe, laini, kabla hajalichagua.

Wakakaa kivulini kunywa chai. Thobias akatoa simu amwonyeshe picha alizotumiwa na wenzake waliotangulia Angola. Uwanja wa vumbi, magoli ya miti, watoto wanacheza mpira. Pembeni mwanamume mmoja amesimama anacheka, suruali ameikunja.

"Hapo palikuwa na mabomu kama mahindi," Thobias alisema. "Panya wamepita, wamemaliza. Sasa unajua wanafanyaje? Kijiji hakiamini. Watu wanasema, nyie mmeleta panya, mnatutania? Basi inabidi mmoja wetu aingie atembee pale, kila mtu anaona. Huyu jamaa alitembea na mabuti." Akacheka. "Mimi nimeshasema, Mwali akimaliza uwanja wake, navua viatu. Naingia peku. Nacheza hata mdundiko katikati."

Mwanvita akaangalia miguu ya Thobias. Ilikuwa ndani ya ndala, vidole vimejaa vumbi, kidole gumba cha kulia kina kucha nyeusi ya kujikwaa. Mguu wa kawaida. Alitazama mpaka Thobias akauvuta nyuma kwa aibu.

"Mtani vipi, ninanuka?"

Mwanvita akasimama, chai ikamwagika kwenye khanga.

*

"Sijakuelewa," Bwana Dominiko alisema. Alikuwa ofisini kwake, kwenye kontena lililotobolewa dirisha. "Ulijua bomu liko wapi au hukujua?"

"Sikujua, bosi."

"Kuna mtu alikuambia?"

"Hakuna."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Mkono ulijua."

Bwana Dominiko akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yanayoweza kuhesabika. "Mwanvita, mkono si mtu. Siwezi kuuandikia barua mkono."

Mwanvita akamwekea simu mezani, akabofya video. Aliisukuma kwa kidole kimoja kama anasukuma sahani. Bwana Dominiko akaangalia mara moja, akasema hakuna kitu. Akaangalia tena. Safari ya tatu akasogeza uso karibu na kioo.

"Shusha," alinong'ona, kama anamwambia yule mwanamke kwenye simu. Mkono ukashuka. "Ah."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Bwana Dominiko akaegemea kiti.

"Nilikuwa nje ya utepe siku ile. Nilikuangalia wewe mwanzo mwisho. Sikuona."

"Hata mimi nilikuwepo," Mwanvita alisema.

"Mtihani unarudiwa. Kesho asubuhi, uwanja mwingine. Upande wako ashike Jesca, hajui kitu, ndiyo kwanza anajifunza. Mwali akianguka, haendi. Na Thobias haendi. Nafasi yake inatokana na panya huyo, unaelewa? Safari hii watakwenda wengine."

"Naelewa."

"Ungeweza kukaa kimya, ujue."

Mwanvita akachukua simu yake. Alitaka kusema kwamba tayari alikaa kimya, tena si kimya, alisema ameshiba.

Thobias alimkuta bombani anaosha vyombo vya panya. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama kidogo, akaangalia maji yanavyotiririka.

"Nilimuaga mama yangu," alisema. "Alilia kwenye simu. Alichinja kuku."

"Thobias..."

"Na mimi nakuamini. Hiyo ndiyo shida yangu. Ningekuwa sikuamini ningegombana na wewe." Akafunga bomba, ingawa Mwanvita alikuwa hajamaliza. "Kwa nini leo asubuhi ulisema ameshiba?"

Akaondoka bila kusubiri. Maji yaliyobaki kwenye bomba yakadondoka tone moja, likachelewa, likadondoka jingine.

*

Jumanne Thobias alimsalimia. "Habari za asubuhi, dada." Hakumwita mtani wala Mama Marudio. Alimpa salamu safi tu, kama anayokupa karani. Mwanvita angependa atukanwe.

Alimpaka Mwali mafuta masikioni, akamkabidhi kwa Jesca.

"Dada, nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Shika tu."

"Nikikosea je?"

"Huwezi kukosea. Hujui kitu." Akamrekebisha vidole kwenye kamba, kimoja kimoja. "Ndiyo maana nakuonea wivu."

Bwana Dominiko akamwonyesha mahali pa kusimama, nje ya utepe, kwenye uzio, karibu na gari. Thobias na Jesca wakaingia. Kamba ikanyooka katikati yao. Mwali akaanza safari yake, kwenda na kurudi, pua chini, mkia wake umebeba ule weupe wa ncha.

Mstari wa kwanza hakukuwa na kitu, wala wa pili. Kwenye wa tatu, Mwanvita aliona. Hakutaka, lakini sasa hakuweza kutoona, maana ule mlango ulishafunguliwa na haukuwa na komeo. Hatua chache mbele ya Mwali, kulia kidogo, nyasi zilikuwa za kijani kingine. Zilikuwa zimelala namna nyingine, kama nywele za mtu aliyelalia upande mmoja. Ni pale. Angechimba pale angetoa gimbi.

Akageuza macho haraka, akayapeleka milimani. Wingu lilikuwa limeachia, mashamba yameonekana ubavuni, vipande vipande, na moshi mmoja mwembamba wa mtu anayechoma majani. Akauangalia ule moshi kwa nguvu zake zote. Mikono akaiweka nyuma, wa kulia ukaushika wa kushoto kwenye kifundo.

Uwanjani kucha ndogo zilikuwa zinagusa nyasi, zinakuja. Akazisikia zikifika mahali ambapo, kwa hesabu ambayo hakuipiga, palikuwa penyewe.

Zikasimama.

Jesca hakuita, Thobias hakuita. Bwana Dominiko hakukohoa. Labda Mwali alikuwa ananusa. Labda alikuwa anajikuna sikio, au amegeuza kichwa anamtafuta mtu fulani kwenye uzio, anasubiri. Mwanvita hakugeuka. Moshi ulipanda, ukapinda, ukapanda tena. Na nyuma ya mgongo wake, ndani ya kiganja cha kulia, aliuhisi mkono wa kushoto ukivuta kwenda chini, taratibu, bila kumuuliza. Akaukaza, vidole vikamuuma, akaendelea kuukaza.